Kano Hazina Haraka

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi wenu mnajiandaa kwa jambo zito: mbio ndefu, usaili wa jeshi, kambi ya timu. Karibu wote mmeniuliza nianze na zoezi gani. Naomba kwanza tuangalie kalenda.

Mwili hauzoei mazoezi kwa kasi moja. Wiki 2 au 3 za kwanza utajiona una nguvu zaidi, na misuli yenyewe bado haijajaa. Ni mishipa ya fahamu iliyojifunza kuiamrisha vizuri. Pumzi nayo hutengemaa mapema. Lakini kano, zile kamba zinazoushika msuli kwenye mfupa, huchukua miezi, maana damu inayozifikia ni kidogo. Mfupa nao hubomoa sehemu kuukuu kwanza ndipo ujenge mpya, kazi ya miezi 3 hadi 4. Sasa mfikirieni mtu wa wiki ya 4: moyo unamwambia ongeza, pumzi inamwambia ongeza, kano haijasema neno. Huyo ndiye anayeumia. Na inaniuma kila nikimwona, kwa sababu aghalabu ni mtu wa bidii.

Kano hutoa taarifa asubuhi. Ukishuka kitandani, sikiliza hatua 10 za kwanza. Kama nyuma ya kisigino kumekaza na unachechemea mpaka mlangoni, mzigo wa jana ulizidi, leo punguza. Kwa aliye mzima, simama ukingoni mwa ngazi, visigino vikiwa hewani, vinyanyue, kisha vishushe polepole ukihesabu moja, mbili, tatu. Hakuna atakayekupigia makofi, lakini zoezi hilo nalithamini kuliko mbio zote za kasi za mwezi wa kwanza.

Siku nyingi ziwe nyepesi, uweze kusema sentensi nzima bila kuhema. Usingizi saa 7 hadi 9. Hayo mnayajua.

Na akili? Olimpiki ya Beijing, 2008, fainali ya kuogelea mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ya Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji. Hakuuona ukuta wa kumalizia. Akahesabu mipigo ya mikono, kwa kuwa alishaijua idadi yake, akashinda kwa rekodi ya dunia, dakika 1:52.03. Wako wanaosema ule ni ujasiri wa kuzaliwa nao. Sikubali. Hesabu ile ilikuwa kichwani kabla maji hayajaingia.

Kwa hiyo chukueni zile karatasi mlizopewa mlangoni. Andika shida moja unayoiogopa, moja tu, na mbele yake utakachofanya: “Kichomi kikinibana, nitapunguza mwendo, nitatoa pumzi ndefu kuliko ninayovuta.” Kutoa pumzi taratibu hupunguza mapigo ya moyo, na ukilizoea hilo siku nyepesi, utalipata siku ngumu. Nawapa dakika 5. Aliyemaliza aje nayo hapa mbele, tuisome pamoja.