Geuzeni Kopo Mtazame Kitako

Ahsante, mwenyekiti. Wale mlionisikia Morogoro mwaka jana mtanivumilia, maana naanza tena na kopo la mkaa.

Hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka mmezisikia katika kila kongamano. Mkakati wa nishati safi ya kupikia nao mnaujua: asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Sibishani navyo. Msitu ukiisha, mvua nayo inatuaga. Ninachouliza ni kimoja tu: gharama ya sheria hizi za tabianchi inaishia mfukoni mwa nani?

Mtaani kwetu mkaa unauzwa kwa kopo, lile la rangi la lita 4. Mrabaha wa msitu ukipanda, ushuru ukiongezwa, vizuizi vikikazwa barabarani, gunia linapanda bei, na hilo kila mtu analiona. Sasa mkaulize kopo. 1,500. Mwaka jana? 1,500. Mtaalamu anaandika "bei imetulia" anaondoka zake! Mimi nimekaa kwenye benchi la muuza mkaa asubuhi nzima nikitazama. Kitako cha kopo kimegongwa nyundo kikaingia ndani. Kipande kinene kinasimamishwa katikati, vingine vinaegemezwa pembeni. Juu kilima, ndani upepo. Kopo halipandi bei, ndugu zangu, linapungua. Jirani yangu muuza vitumbua lilikuwa likimtosha kutwa. Siku hizi maharage yakiwa nusu kuiva anamtuma mtoto akalete jingine. Ile tozo ya msitu kailipa yeye, na risiti hana.

Namwona kijana pale mbele anataka kuniambia, "Mama, mbona gesi ni nafuu?" Ni nafuu kweli! Kwetu mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa 24,000. Kopo moja kwa siku, siku ya 16 umeshazifikisha, na mtungi kwa jirani yangu unavuka wiki ya tatu. Hesabu hiyo anaijua kuliko wewe. Anakopesha vitumbua mtaa mzima bila daftari na hajadhulumiwa hata kimoja. Shida yake ni kuziona hizo 24,000 zimekaa pamoja siku moja. Fedha yake inaingia kwa siku, inatoka kwa siku. Sheria hizi zinaandikwa na watu wa mshahara, mimi nikiwemo, na tunadhani kila nyumba ina mwisho wa mwezi.

Na mtungi anao! Aligawiwa kwenye mkutano wa hadhara, pamoja na kofia. Gesi ilipoisha ukavalishwa kitambaa cha kufuma, juu ikawekwa redio. Mnacheka, lakini hebu nendeni mkahesabu mitungi iliyovalishwa vitambaa. REA, wakala wa nishati vijijini, wanauza mitungi hiyo midogo kwa ruzuku ya hadi asilimia 50, hongera zao, ila ruzuku iko kwenye kununua mtungi, na jirani yangu amekwama kwenye kuujaza.

Majirani zetu Kenya walitutangulia kuonja. Februari 2018 wakapiga marufuku ukataji miti, mkaa ukapanda. Mwaka huohuo mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Julai 2021 gesi ikarudishiwa VAT ya asilimia 16. Sasa mama wa Kibera apikie nini, dua? Ilibidi kodi ishushwe hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha iondolewe kabisa 2023. Najua mtasema hizo ni sheria za kodi, si za tabianchi. Sufuria haisomi kichwa cha sheria.

Suala la shule nitaligusa tu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilipewa mpaka Januari 2024 ziachane na kuni na mkaa. Vizuri. Lakini kuni mzazi wa kijijini alikuwa anazichangia kwa mgongo wa mtoto. Gesi inataka fedha taslimu. Mchango wa chakula ukipanda hapo, msimwite mzazi mkorofi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wachoma mkaa wa Kilosa nilikuwa nao kurasa tatu, nawaacha. Niseme hili tu: umeme tunaununua kwa LUKU, mita ya kulipia kabla, hata wa 1,000, na hakuna anayemwambia mtu anunue wa mwezi mzima. Mtungi wenye mita, unaolipiwa kwa simu kidogo kidogo, ulishajaribiwa hapahapa Dar es Salaam. Ruzuku ipelekeni kwenye mita na kwenye kujaza, kofia muendelee kugawa kama mnapenda.

Na leo jioni mkipita kwa muuza mkaa, kabla hajaanza kupanga, geuzeni kopo mtazame kitako.