Kilo 15 na Achari za Watu

OMARI: Assalaam aleikum, karibuni tena. Tuko darini, mtaa wa Langoni, Lamu. Mkisikia punda analia huko chini msishtuke, yule ni jirani yetu na hana adabu ya kurekodi. Mimi ni Omari, na niko na Bi Zahra. Shikamoo, bibi.

BI ZAHRA: Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo? Haya, viza umepata ama bado?

OMARI: Nimepata, alhamdulillahi. Jumatano naondoka. London, wiki tatu, kwa dada yangu aliyejifungua. Kwa hivyo kipindi cha leo nimekichagua kwa kujipendelea: kufunga mizigo ya safari ya ng'ambo. Mimi safari yangu ya mbali kabisa ni Mombasa. Wewe umefika Makka, Muscat, na kwa mdogo wako huko huko London.

BI ZAHRA: Na kote huko nimelipia ujinga wangu. Begi liko wapi?

OMARI: Hili hapa.

BI ZAHRA: (anacheka) Lo! Sanduku la magurudumu manne!

OMARI: Nimeazima kwa rafiki yangu. Si zuri?

BI ZAHRA: Zuri, kwa watu wenye lami. Litoe hapo mlangoni uliburute kwenye zile njia zetu za mawe, pita kwenye mchanga, pita kwenye mavi ya punda, uone kama magurudumu yatafika gatini au utayabeba mfukoni. Mji huu haukujengwa kwa gurudumu, Omari. Begi lako litabebwa na hamali kichwani, au litafungwa juu ya punda, kisha liingie mashua mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege. Huko ndiko litakakoiona sakafu laini mara ya kwanza. Na tupu lina uzito gani?

OMARI: Sijapima.

BI ZAHRA: Haya ya ganda gumu huwa na kilo nne, tano, kabla hujatia hata soksi. Ndege yako ya Manda inaruhusu kilo ngapi?

OMARI: 15. Ile kubwa ya kutoka Nairobi ndiyo imenipa 23.

BI ZAHRA: Basi isahau 23. Hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Mtu anasoma tiketi ya ndege kubwa, anafunga kilo 23 kwa furaha, akifika Manda anaambiwa hii ni ndege ndogo, lipia zilizozidi au acha. Wewe unafunga kwa kipimo cha chombo kidogo kabisa katika safari yako. Na tiketi zako ni moja au mbili?

OMARI: Mbili, nimenunua mbalimbali.

BI ZAHRA: Nairobi unatua Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo?

OMARI: Wilson.

BI ZAHRA: Basi begi halijipeleki uwanja wa Jomo Kenyatta, kwenye ndege kubwa. Utalichukua mwenyewe, utafute teksi, uvuke Nairobi na foleni zake, ulikabidhi upya. Kwa hivyo liwe begi unaloweza kulinyanyua peke yako bila kumwita mtu. Chukua lile la turubai la kaka yako.

OMARI: Na kupima je? Nyumbani hatuna mzani.

BI ZAHRA: Mimi mara ya kwanza nilipima kwenye mzani wa samaki.

OMARI: Wa samaki kweli?

BI ZAHRA: Nilikwenda sokoni asubuhi, kijana akaning'inizia begi kwenye ile ndoana yake, pale pale alipomshusha nguru. Kilo 14 na nusu. Nikafurahi sana. Begi likanuka nguru mpaka Muscat. Afisa wa forodha alifungua zipu, akanitazama, akafunga. (wanacheka) Siku hizi nina kamzani kadogo ka kuning'iniza, katakuja hapa leo. Nguo zako peke yake zina uzito gani?

OMARI: Kwa kukisia, kilo saba hivi. Bibi, nguo zangu hazina tatizo. Tatizo ni mizigo ya watu. Tangu ijulikane naondoka, kila siku mtu anabisha hodi. Shangazi ana chupa ya achari ya embe. Mama ana kopo la samli kwa ajili ya mzazi. Jirani ana bahasha imeshonwa kwa uzi, ampelekee mjomba wake. Na kila mmoja anasema, "Ni kitu kidogo tu, mwanangu."

BI ZAHRA: Hapo sasa tumefika. Katika umri wangu wote sijaona mtu wa Lamu akileta kitu kikubwa. Vyote vidogo. Ukivikusanya, vina kilo tisa.

OMARI: Na kukataa siwezi. Nitasemwa mpaka nirudi.

BI ZAHRA: Hukatai, unaweka masharti. Mimi nina matatu. Kitu kiletwe siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari, maana usiku ule huna akili ya kuchagua. Kije wazi, hakikushonwa wala kupigwa gundi, na mwenyewe awepo tukifunge pamoja. Na kila nyumba nusu kilo, hata nyumba ya mamangu mzazi.

OMARI: Ile bahasha ya kushonwa?

BI ZAHRA: Ifunguliwe au irudi kwake. Uwanjani watakuuliza, "Begi umefunga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umpelekee mwingine?" Utajibu nini? Ukisema ndiyo, tabu. Ukisema hapana, umesema uongo na jina lako ndilo liko kwenye tiketi. Amana ni jambo kubwa kwetu, sikatai, lakini amana usiyoijua ndani yake ni mtego. Watu wamekamatwa kwa mzigo wa rafiki. Hata miraa, ambayo hapa mtu anatafuna barazani hadharani, Uingereza imepigwa marufuku tangu mwaka 2014. Kule Imarati inahesabiwa dawa ya kulevya. Huko hakuna cha "mimi sikujua".

OMARI: Na samli ya mama?

BI ZAHRA: Samli ni maziwa. Uingereza hairuhusu msafiri kutoka huku kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa. Itaishia kwenye pipa la forodha, na mamako ataumia zaidi kuliko ukimwambia sasa. Mwambie akupe bizari, iliki, pilipili manga, vilivyokauka na kusagwa vizuri. Dada yako atanunua samli huko na kutia viungo vya nyumbani. Harufu itakuwa ile ile.

OMARI: Achari je?

BI ZAHRA: Achari inapita, lakini kwenye begi la chini. Mkononi, chochote cha majimaji au cha kunata kisizidi mililita 100 kwa chupa. Mafuta ya nazi, manukato, hata halwa usiitegemee, inanata ile. Na chupa ya achari utie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, kisha uiviringe kwa leso. Mafuta ya achari hayatoki kwenye kanzu nyeupe, nimejaribu kila sabuni.

OMARI: Sasa tuseme begi la mkononi. Ndani yake niweke nini?

BI ZAHRA: Kila kitu ambacho begi kubwa likipotea utalia. Mimi nina sukari, kwa hivyo insulini yangu haitoki mkononi. Kule kwenye shehena baridi inaweza kuigandisha, na insulini ikishaganda haifai tena. Naibeba na karatasi ya daktari, dawa zote ndani ya pakiti zake, si kwenye karatasi ya gazeti. Kisha hati zako, nguo za siku moja, na pawabenki.

OMARI: Pawabenki nimeiweka kwenye begi kubwa.

BI ZAHRA: Itoe! Hairuhusiwi chini hata kidogo. Betri za lithiamu zikishika moto, juu ndani wahudumu wanaona na wanazima. Chini huko nani ataona? Yako ina ukubwa gani?

OMARI: Imeandikwa mAh 20,000.

BI ZAHRA: Zidisha kwa volti 3.7, gawa kwa 1,000.

OMARI: Ngoja... 74.

BI ZAHRA: Hizo ni wati-saa 74. Mwisho ni 100 bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege. Uko salama. Plagi usijisumbue, Waingereza wana pini tatu kama zetu. Ungekuwa unakwenda Uturuki ningekwambia ununue adapta.

OMARI: Bibi, ile hadithi ya ihramu, zile shuka za Hija na Umra, waambie wasikilizaji.

BI ZAHRA: Ya yule mzee wa Mkomani, jina namsitiri. Tulikuwa tunakwenda Umra. Sote tulijua kwamba ndege ikikaribia miqati, mpaka wa kuingilia ibada, lazima mtu awe ameshatia nia na ameshavaa. Yeye ihramu yake, mpya, nyeupe, imekunjwa vizuri, ameiweka kwenye begi kubwa, liko chini ya miguu yetu! Tangazo linatolewa, watu wanaitikia "Labbayka", yeye ana suruali ya kitambaa na shati la mikono mirefu. Alitoka jasho mle ndani ya baridi. Kijana wa kiti cha nyuma alikuwa na vikoi viwili alivyobeba vya kulalia. Akampa vyote. Mzee akafika Jedda na kikoi cha mstari wa kijani, ibada yake imesimama.

OMARI: (anacheka) Allah amkubalie. Sasa baridi ya London. Wananiambia mwezi huu mchana hufika nyuzi nane tu.

BI ZAHRA: Usinunue koti huku, hakuna. Ukiwa Nairobi una nafasi ya nusu siku? Basi pita Gikomba, kuna makoti ya mitumba mazito ya huko huko Ulaya. Linarudi kwao. Ulivae, usilifunge. Na usivae koti moja kubwa tu, vaa fulana ya ndani, shati, sweta, kisha koti. Hewa iliyokaa katikati ndiyo inayokutia joto.

OMARI: Kuna mtu alinishauri nivae makoti mawili Manda ili yasipimwe.

BI ZAHRA: Manda, saa saba mchana! Utazimia kabla ya ndege kutua.

OMARI: Na kofia za vito, zile za kushonwa kwa mkono? Shemeji anataka mbili.

BI ZAHRA: Hizo usizibane. Mtu ameshona miezi, wewe unazikalia. Tia soksi zako ndani ya kofia, zijae kama kichwa, kisha zipange juu kabisa. Soksi zinapata mahali na kofia inabaki na umbo lake. Kanzu ikunje kwa urefu na leso katikati, usiviringe, itakuja na mistari kama daftari. Na kabla ya mashua, funika begi turubai. Chini ya mashua hakukosi maji, na maji ya chumvi yakikaukia kwenye nguo unajikuna safari nzima.

OMARI: Likipotea begi?

BI ZAHRA: Piga picha, nje na ndani, kabla hujafunga. Kile kikaratasi wanachokubandikia nyuma ya pasi ya kupanda ndege usikitupe. Begi likija limevunjika una siku 7 za kuandika malalamiko. Likichelewa, 21 tangu ulipolipata. Watu wanarudi nyumbani wamenuna, hawaandiki chochote, kisha...

(Sauti ya mtoto chini: "Hodi! Hodi!")

OMARI: Karibu! Panda juu! Ah, ni mjukuu wako, bibi.

MTOTO: Shikamoo. Bibi, umesahau mzani. Na hii mama amesema umesahau pia, ya Babu wa London.

(Kimya.)

OMARI: Bi Zahra. Hiki ni nini kimefungwa kwenye leso?

BI ZAHRA: Mdogo wangu huyo, ana miaka mingi hajaonja... Ni kitu kidogo tu, mwanangu.

OMARI: Leo ni Jumapili. Siku tatu zimo. Fungua, bibi, tukifunge pamoja.

BI ZAHRA: (anacheka) Haya, nipe huo mzani. Shika hapo... usitikise... Kilo moja na robo.

OMARI: Nusu kilo kila nyumba.

BI ZAHRA: Hata ya mamangu, ndiyo. Mwanangu, kimbia nyumbani ulete chupa tupu, ile ndogo ya asali.