Gari Kuukuu la Kona: Anza na Miguu, Injini Itasubiri

Habari zenu jamaa zangu wa Kampala, Jinja, Mbale, Arua, na wewe wa Malaba unayetazama huku foleni ya malori haisogei. Niko hapa Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda tumejaa hadi matooke hayakosekani. Meseji zenu nimezisoma, na nyingi zinauliza jambo moja: "Pesa ni kidogo, nataka gari la zamani la kuchezea kona. Nichukue Subaru?"

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Huku wanauita autokrosi, na chama kikubwa kinachousimamia ni SCCA, yaani Sports Car Club of America. Wanatafuta lami pana, maegesho au uwanja wa ndege usiotumika, wanapanga koni, unaingia peke yako na saa inahesabu. Mara nyingi mbio zenyewe ni kama dakika moja. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Kasi si ya kutisha, gia ya pili inaweza kukufikisha mwisho. Sasa niambie, gia ya pili, kona juu ya kona, turbo kubwa utaifungulia wapi?

Najua sisi ni watu wa Subaru. Charles Muhangi alichukua ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999 akiwa na Impreza, na hadi leo kijana wa Kampala akisikia mlio ule anaacha chakula mezani. Siwalaumu. Lakini Impreza ya turbo ina zaidi ya kilo 1,200, wakati Toyota Starlet haifiki tani moja. Uzito huo tairi ndilo linaubeba kwenye kona, breki zinaubeba, halafu bili unaibeba wewe pale soko la vipuri la Kisekka.

Huku wengi wanaanza na Mazda Miata ya kwanza kwanza, ile iliyotoka 1989. Nyepesi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Nyumbani ni adimu, kwa hiyo mimi ningesaka Honda Civic ya miaka ya 90. Lala chini uitazame: gurudumu limeshikwa na mkono mmoja juu na mwingine chini. Bodi ikiinama kwenye kona, mikono hiyo inasaidia tairi libaki limekanyaga lami sawasawa. Civic ya 2001 Honda waliuondoa mpango huo mbele, wakaweka shokapu iliyosimama kama ya Corolla. Starlet pia ni ya shokapu iliyosimama, lakini wepesi wake unanifanya niisamehe.

Na sheria yetu ya Uganda ya 2018 hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo unatafuta lililoko nchini tayari. Mimi naona ni nafuu, maana unaligusa kwa mkono badala ya kutazama picha. Huku chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji inakula chesi mpaka unapitisha kidole. Kwenu ogopa ajali iliyofichwa na rangi mpya. Fungua boneti, tazama pale shokapu inapofungwa juu, kushoto na kulia: je, kuna welding mpya, mabati yamekunjamana? Kama ndivyo, muage muuzaji kwa heshima uondoke. Chesi ikishapinda, hakuna alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, itakayokuokoa.

Pesa sasa. Kwanza matairi. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya kudumu baada ya neno treadwear; ikiwa ndogo, kwa kawaida tairi ni laini zaidi. Lenye 500 litadumu, lakini kwenye kona linateleza. Lenye 200 linashika, na kwa magari ya kawaida SCCA hawaruhusu uende chini ya hapo. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoko ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi, hata likiwa na meno yote, limekauka. Mwachie muuzaji.

Ukishayafunga, tafuta chaki. Chora mstari kuanzia kwenye meno mpaka ubavuni, piga kona zako, kisha tazama. Chaki ikifutika mpaka chini ubavuni, tairi linalala, ongeza upepo. Ikibaki mpaka juu kwenye meno, punguza. Kifaa cha shilingi mia chache, banange, na kinakwambia ukweli kuliko fundi yeyote.

Kisha bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono ya gurudumu), boljointi, shokapu mpya, mafuta mapya ya breki ya DOT 4. Halafu alaimenti: magurudumu ya mbele yainame kwa ndani juu, digrii 2 hivi kama gari linakubali.

Sasa nyinyi wa kukata springi, njooni karibu na simu. Kwenye gari la shokapu iliyosimama, ukilishusha sana, mkono wa chini unaelekea juu upande wa gurudumu, na bodi inapata nguvu ya kuinama zaidi ya mwanzo. Likiwa limeegeshwa linapendeza, likiingia kona linalala. Na hapo sijataja matuta ya Ntinda. Springi nzima, ngumu kidogo, imeshuka sentimita mbili tatu, basi.

Wewe uliyekwisha kununua Subaru, usinitukane. Oili iwe kwenye alama ya juu kila unapoingia uwanjani, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa, na bearingi zinaliwa. Vuta kijiti upime kila unapotoka. Na mazoezi ni kwenye viwanja vya mbio vya Busiika au Garuga, kukiwa na waandaaji na helmeti kichwani. Si barabara ya Northern Bypass usiku, kuna boda na watembea kwa miguu.

Mwenye Civic au Starlet anitumie picha ya tairi lake likiwa na chaki baada ya kona, pamoja na kipimo cha upepo. Video ijayo nitazisoma picha hizo moja moja.