Kumsaka mpangaji wa Kiayalandi kwenye sensa za kale

Rehema: Karibuni tena. Leo tumefungua madaftari ya sensa za Uingereza, tukimsaka Mwayalandi aliyekodi kitanda kwenye nyumba ya mtu mwingine. Kaka Bakari, kwa nini tumtafute Uingereza, na kwao ni Ayalandi?

Bakari: Kwa sababu kwao karatasi zimeteketea, dada Rehema. Sensa za Ayalandi za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe baada ya hesabu kukamilika. Za 1881 na 1891 zikasagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na sehemu kubwa ya zile za 1821 hadi 1851 iliungua Juni 1922, jengo la Four Courts lilipolipuka pale Dublin. Kati ya sensa zote za hadi 1911, zilizosalia nzima ni ya 1901 na ya 1911. Sasa mtu aliyevuka bahari miaka ya njaa kuu ya Ayalandi, miaka ya 1840, utamshika wapi? Utamshika Liverpool, Manchester au Glasgow.

Rehema: Na hawakuwa wachache. Mwaka 1851 Liverpool peke yake ilikuwa na wazaliwa wa Ayalandi 83,813, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Lakini ukiandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya sensa, humwoni.

Bakari: Jina ndilo linaloponza. Karani wa sensa aliacha fomu mlangoni, akaifuata baada ya usiku wa sensa. Aliyejaza, au aliyemtajia karani majina, kwa kawaida ni mkuu wa kaya, na anataja anachokijua: Pat, umri kama thelathini, Ayalandi. Karani Mwingereza anaandika alivyosikia. Kisha ananakili fomu kwenye daftari, na daftari ndilo lililohifadhiwa kwa sensa za 1841 hadi 1901. Miaka mingi baadaye mnakili mwingine anausoma mwandiko huo ili kutengeneza faharasa, yaani orodha ya majina unayoitafuta mtandaoni. Jina limepita kwa watu watatu kabla halijakufikia wewe.

Rehema: Tuchukue ukoo wa O'Donoghue.

Bakari: Utaukuta Donoghue, Donohoe, Donahue, hata Dunaho. Weka nyota, alama inayosimama badala ya herufi zozote, mahali pa irabu: D*n*h*. Hiyo inanasa zote nne, ila haimnasi aliyebaki na O' yake, kwa hiyo rudia kwa O*D*n*h*. Na jina la kwanza nalo ulipige msasa. Bridget huandikwa Biddy au Delia. Honora ni Nora au Hanora. Jeremiah anaweza kuwa Darby, na Timothy akawa Thady.

Rehema: Bado haonekani.

Bakari: Basi futa jina la ukoo kabisa. Bakiza jina la kwanza, mahali pa kuzaliwa Ayalandi, mtaa au parokia, na umri ukiruhusu miaka mitano juu na mitano chini. Ikishindikana, fanya kumi. Umri wa mpangaji mara nyingi ulikuwa wa kukisia.

Rehema: Hapo niwatahadharishe kuhusu 1841. Sensa ile iliagiza umri wa waliozidi miaka 15 ushushwe hadi tano ya karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 34 akaandikwa 30. Tena haina safu ya uhusiano na mkuu wa kaya, wala kaunti ya kuzaliwa. Mwayalandi anapata herufi I tu. Ukiwa na 1841 pekee, huwezi kusema huyu ni mpangaji na huyu ni shemeji.

Bakari: Uhusiano unaanza 1851. Utaona "lodger", mpangaji. "Boarder", anayelala na kula hapo kwa malipo. Na "visitor", mgeni wa usiku ule. Msiyashikilie sana. Makarani wengi walichanganya mawili ya kwanza, na ukichagua neno moja kwenye kichujio unawatupa wengine wote.

Rehema: Na kuna mtego wa mke katikati ya orodha.

Bakari: Huo unapoteza watu wengi mno. Mkuu wa kaya yuko juu, mkewe, watoto, halafu mpangaji, na chini yake limeandikwa "wife". Huyo ni mke wa mpangaji. Mnakili asipokuwa makini, faharasa inampachika mkuu wa kaya wake wawili na watoto wa mpangaji wanapewa ukoo wa mwenye nyumba. Usiishie kwenye maandishi ya faharasa, fungua picha ya ukurasa. Tazama mistari ya mshazari ukingoni: mmoja unatenga kaya ndani ya jengo lile lile, miwili inafunga jengo.

Rehema: Mtego mwingine ni ndugu aliyefichwa nyuma ya neno mpangaji. Mdogo wa mke wa mwenye nyumba anaweza kuandikwa "lodger" tu, kwa sababu alikuwa analipa kodi. Tafuteni ukoo wa kuzaliwa wa mama mwenye nyumba kwenye cheti cha ndoa au vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Ukilingana na wa mpangaji, mmepata uzi.

Bakari: Na uzi huo ndio mimi naupa uzito kuliko yote. Mpangaji anahama kila baada ya miezi, mwenye nyumba anakaa. Waayalandi walipokelewa na watu wa kwao. Kwa hiyo andika koo zote za Kiayalandi kwenye nyumba ile na nyumba kama kumi kila upande. Mfuatilie mwenye nyumba kwenye sensa ya kabla na ya baada. Ukimpata hata karani mmoja aliyeandika Mayo au Roscommon badala ya Ayalandi tupu, umepata kaunti ya kuanzia.

Rehema: Kisha kanisani.

Bakari: Parokia ya Kikatoliki iliyo karibu na mtaa ule. Soma wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa, uone kama zile koo zinajitokeza. Rejista nyingi ni za Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Aliyeoa au kufa Uskoti kuanzia 1855 ana bahati, maana vyeti vya huko vinadai majina ya wazazi wote wawili, pamoja na ukoo wa kuzaliwa wa mama.

Rehema: Ndipo turudi Ayalandi na Uthamini wa Griffith.

Bakari: Ni orodha ya kuthamini ardhi na nyumba za Ayalandi kwa ajili ya kodi, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864. Inataja waliokalia ardhi na nyumba na waliowakodisha tu. Kijana wako hayumo, huenda baba yake yumo. Usitafute ukoo mmoja. Chukua zile koo tatu au nne za mtaani, utafute parokia ambamo zote zinakutana. Parokia hiyo ndiyo ya kwanza kusomwa kwenye rejista za Kikatoliki zilizowekwa bure mtandaoni na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi, zinazofika takriban 1880.

Rehema: Na aliyerudi kwao uzeeni?

Bakari: Huyo mtafute 1901 na 1911, bure pia, na kaunti ya kuzaliwa imeandikwa. Ila usishangae akizeeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Sheria ya pensheni ya 1908 ililipa kuanzia umri wa miaka 70, hivyo wapo waliojiongezea umri, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuwasuta, kwani usajili wa vizazi vyote Ayalandi ulianza 1864.

Rehema: Mwisho, kabla ya kuandika kwamba mtu hayupo, angalieni kama daftari la mtaa wake lipo. Sehemu ya sensa ya 1851 ya Manchester iliharibiwa na maji, na 1861 ina mapengo London. Nukuuni namba ya kumbukumbu, kwa mfano RG 9 kwa 1861, namba ya kipande (fungu la madaftari), folio (karatasi moja, pande zote mbili) na ukurasa. Namba ya folio imepigwa muhuri upande wa mbele wa karatasi tu, kwa hiyo ukurasa wa nyuma unahesabiwa kwa folio ile ile.