Tiketi Moja: Mhadhara kuhusu Kuizuru Monasterio de Piedra

Ndugu waongoza watalii, wanachuo na wakazi wenzangu wa Moshi, itifaki imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie utalii wa maporomoko ya maji, na bila shaka wengi wenu mlitarajia nianzie Materuni au Marangu, kwenye maporomoko yetu ya Kilimanjaro. Nitafika huko, lakini kwanza naomba niwapeleke Hispania, katika mkoa wa Zaragoza, kwenye kijiji cha Nuévalos, mahali paitwapo Monasterio de Piedra, kwa sababu hapo ndipo ninapoona wazi jambo ambalo sisi huku tunalifanya nusunusu. Mgeni wa pale huingia katika monasteri, yaani nyumba ya watawa, iliyojengwa karne ya 13, huingia pia katika bustani kubwa yenye maporomoko mengi, na vyote viwili huvilipia kwa tiketi moja. Hoja yangu ni kwamba tiketi hiyo ina haki ya kuwa moja, kwa kuwa nyumba ile isingejengwa pasipo maji yale, na maji yale yasingetembeleka pasipo watu walioishi katika nyumba ile na wale waliowarithi.

Mwaka 1194 wamonaki 13 walitoka abasia ya Poblet, huko Katalunya, wakiongozwa na abate Gaufrido de Rocaberti, wakaenda kukaa kando ya Mto Piedra, kwenye eneo la ngome kongwe walilopewa na Mfalme Alfonso II wa Aragon. Walikuwa Wasitoo, wa shirika lililoanzia Cîteaux nchini Ufaransa mwaka 1098, wakifuata kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto ambayo sisi Watanzania tunaifahamu kupitia abasia za Peramiho na Ndanda. Ila Wasitoo walikuwa na desturi yao: walipenda mabonde yaliyo mbali na miji, na bonde lisilo na mto hawakulitaka. Maji yalisaga nafaka yao, yaliosha jiko lao na kumwagilia bustani zao, na kwa kuwa kanuni iliwazuia kula nyama ya wanyama wenye miguu minne, maji hayohayo yaliwapa samaki. Basi anayesimama mbele ya maporomoko yale na kuyaona kuwa pambo tu, anatazama ghala, kinu na kisima cha watu waliokaa hapo zaidi ya miaka 600, wala hajui.

Kwa sababu hiyo nashauri mgeni aanze na monasteri, ingawa wengi hukimbilia bustanini kabla jua halijawa kali. Kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1218, na majengo yanayolizunguka yamepangwa kwa kufuata siku ya mmonaki: kutoka kanisani anapita katika baraza la mraba lenye matao, anaingia katika ukumbi ambamo sura ya kanuni ilisomwa na mambo ya jumuiya kuamuliwa, kisha anafika kwenye bwalo ambamo watu walikula kimya huku mmoja wao akisoma kwa sauti. Kuta ni nene na nyeupe, na mapambo ni machache. Kanisa lenyewe leo halina paa. Mwaka 1835 serikali ya Hispania, chini ya waziri Mendizábal, ilizifuta nyumba nyingi za watawa na kuyauza mali yake kwa mnada ili kulipa madeni ya taifa. Wamonaki wakaondoka, na vitu vya thamani vikatawanyika. Kabati la masalia ya watakatifu lililotengenezwa mwaka 1390, lenye michoro ya kupendeza sana, liko Madrid katika Chuo cha Kifalme cha Historia, na mgeni aliyekwisha kuliona huko humwelewa vizuri zaidi mtu anayelalamika kwamba vitu vya kale vya Kibosho au vya Old Moshi, hapa hapa kwetu, havina budi kutafutwa katika makumbusho ya Ulaya.

Sasa tuyaangalie maji, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Sisi tumezoea maporomoko ya mlima wa volkano, ambako mto hukwangua mwamba, huudondosha vipande vipande, na mwisho wake maporomoko hurudi nyuma kuelekea chanzo. Huko Piedra mambo ni kinyume chake. Mto hupita katika miamba ya chokaa na kuiyeyusha, hivyo maji yake hubeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Yanapofika kwenye genge na kuanguka, yakapigwa na kutawanyika, hupoteza hewa ya ukaa iliyokuwa ikiishikilia chokaa ile, nayo huganda juu ya mwani, mizizi na majani, kama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika. Mwani ulioganda hugeuka jiwe jepesi lenye vitundu, mwani mwingine huota juu yake, nao huganda pia. Kwa hiyo maporomoko ya pale hujijenga: huota mapazia, huchomoza mbele, hufunga njia yake yenyewe na kulazimisha maji yatafute upande mwingine. Ukimweleza mgeni jambo hili kabla hajayaona, atasimama mbele ya kila poromoko akitafuta wapi jiwe linazaliwa, na hatakuuliza tena kwa nini moja linaitwa hivi na jingine vile.

Poromoko kubwa kuliko yote, Cola de Caballo, yaani Mkia wa Farasi, lina urefu wa takriban mita 50, na nyuma yake kuna pango liitwalo Iris. Pango hilo lilijulikana mwaka 1860, na aliyelifungua ni Juan Federico Muntadas, ambaye baba yake aliinunua monasteri katika miaka ya 1840 baada ya mnada. Mtu huyu ndiye aliyeifanya ile iliyokuwa shamba na bustani ya wamonaki iwe mahali pa matembezi. Alichonga ngazi na njia za chini kwa chini katika mwamba ili watu washuke hadi nyuma ya pazia la maji, akapanga vijia, akaotesha miti, na katika miaka ya 1860 akaanzisha hapo ufugaji wa samaki unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini Hispania. Wapo wanaomsifu kwamba aliyahifadhi mazingira. Mimi namsifu kwa kazi nyingine: alijua mgeni asimame wapi. Safari ya bustanini huchukua kama saa mbili na nusu, nayo imepangwa hivi kwamba mtu husikia maji kabla ya kuyaona, na hufika kwenye ziwa tulivu la Espejo akiwa amechoshwa na kelele.

Niongeze la pembeni. Mapokeo ya pale yanasema kwamba mwaka 1534 kakao iliyotumwa kutoka Meksiko ilipikwa chokoleti katika jiko la monasteri hii, kwa mara ya kwanza barani Ulaya. Ni mapokeo, na mwongozaji mwaminifu huyataja hivyo. Lakini tazameni jinsi wanavyoyatumia: jiko linaoneshwa, hadithi inasimuliwa humo humo. Sisi tunayo misioni ya Kilema, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, na kahawa ya Kilimanjaro inahusishwa moja kwa moja na mashamba yao. Hata hivyo ziara ya kahawa hufanyika mahali pengine, na kanisa la Kilema hubaki la waumini pekee.

Nimalizie na kazi yetu. Pale Kinukamori, Marangu, mgeni husimuliwa habari za binti Makinuka na chui, hupiga picha, huondoka. Hadithi ni nzuri na sisemi iachwe. Ninachokisema ni kwamba mito hiyohiyo imechepushwa kwa vizazi vingi kwenye mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo zetu kwa kufuata mteremko wa mlima kwa macho na uzoefu, kila mfongo ukiwa na wazee wake wa kugawa zamu, na nduwa za kukusanya maji ya usiku ili mchana yateremke vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zetu. Hiyo ndiyo monasteri yetu, kwa maana ya watu waliokaa na maji kwa utaratibu. Napendekeza kwa vikundi vya utalii vya Uru na Marangu kwamba ziara ianzie kwenye kichwa cha mfongo, imfuate mzee wa zamu hadi kihambani, na maporomoko yawe ya mwisho, yote kwa tiketi moja ambayo sehemu yake inakwenda kwenye kuzibua na kutengeneza mfongo kabla ya masika. Namna ya kugawa fedha hizo kati ya kijiji, ukoo na mwongozaji tuijadili sasa, na naomba wenye vihamba vinavyopitiwa na mifongo waanze kuzungumza.