Soma chipu ya W25Q64 kwa ESP32 kabla hujaandika chochote

Karibuni, watazamaji. Chipu hii ndogo ya miguu minane ni W25Q64, chipu ya kumbukumbu. Ndugu zake mtawakuta kwenye rauta, dekoda na televisheni nyingi zinazofika mezani kwa mafundi wa Nairobi, na humo ndimo inamokaa programu inayowasha kifaa. Kifaa kikigoma kuwaka, wengi hukimbilia kuiandika upya kwa faili waliyoipakua mtandaoni. Tafadhali usifanye hivyo kabla ya kutoa nakala. Katika rauta, mara nyingi chipu hiyo hiyo ndiyo inayobeba anwani ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha rauta kwenye mtandao, na vipimo vya redio vya rauta ile moja tu. Ukivifuta, faili ya mtu mwingine haitakurudishia.

Vifaa si vingi: bodi ya ESP32, yaani kompyuta ndogo unayoiandikia programu, waya fupi, kapasita ya 104 (nanofaradi 100) na adapta ya kushikilia chipu. Vyote utavipata Luthuli Avenue. Nimechagua ESP32 kwa sababu pini zake zinafanya kazi kwa volti 3.3, na chipu hii inataka kati ya 2.7 na 3.6. Usiiunganishe moja kwa moja na bodi ya volti 5.

Chipu nimeshaitoa kwenye rauta. Najua kuna kibanio cha kuisomea ikiwa bado kwenye bodi, lakini ukiilisha chipu umeme, prosesa ya rauta nayo huamka na kuanza kuzungumza nayo, na data inavurugika. Kuitoa kunachukua muda kidogo, ila unajua unachosoma.

Tazama kitone hiki kwenye kona. Hapo ndipo mguu wa 1, kisha unahesabu kinyume cha mwendo wa saa. Mguu wa 1, CS, unaoiambia chipu kuwa tunazungumza nayo, nenda pini 5 ya ESP32. Wa 2, unaotoa data, nenda 19. Wa 5, unaopokea data, nenda 23. Wa 6, wa mapigo, nenda 18. Wa 4 ni graundi, wa 8 ni volti 3.3, na kapasita inakaa kati ya hiyo miwili, karibu kabisa na chipu. Imebaki 3 na 7, na hapa wengi huiacha inaning'inia. Iunge yote miwili kwenye volti 3.3. Mguu wa 7 ni HOLD: ukishuka kuelekea sifuri, chipu inanyamaza katikati ya usomaji, nawe utadhani imekufa.

Pima kwa mita kabla ya kuchomeka USB. Hakikisha 8 na 4 hazijagusana.

Sasa programu. ESP32 na chipu zinazungumza kwa njia iitwayo SPI; anza na mwendo wa 1 MHz, modi 0. Usisome data kwanza; iulize chipu jina lake. Shusha CS hadi volti sifuri, tuma 0x9F, amri ya kuuliza jina, halafu tuma baiti tatu tupu. Chipu haitoi baiti bila kupewa mapigo, na mapigo yanatoka kwetu tunapotuma, ndiyo maana tunatuma hata tukiwa hatuna la kusema. Pandisha CS. Jibu lile pale kwenye skrini: EF 40 17. EF ni Winbond, waliotengeneza chipu. 17 ya heksa ni 23, na 2 kwa kipeo cha 23 ni 8,388,608. Ndizo baiti zilizomo.

Ukiona FF FF FF au 00 00 00, usiendelee. Kagua CS, kagua umeme wa mguu wa 8, kagua kama 19 na 23 zimebadilishana. Jina likibadilika kila ukiuliza, fupisha waya.

Jina likikaa sawa, tunasoma. Shusha CS, tuma 0x03, amri ya kusoma, kisha anwani ya baiti tatu, baiti yenye uzito mkubwa ikitangulia. Sisi tunaanza 00 00 00. Kuanzia hapo kila baiti tupu unayotuma inakurudishia moja ya data, na anwani inajisogeza yenyewe.

Upande wa kompyuta natumia Python kupokea na kuhifadhi. ESP32 ikiwashwa hutema maneno yake ya kuanzia kwenye laini hiyo hiyo, na yakiingia kwenye faili yataisukuma data yote nje ya nafasi yake. Kwa hiyo Python inasubiri kidogo, inamwaga kilichokwisha kuingia, ndipo inatuma herufi s, na ESP32 haianzi mpaka iipate. Kwa kasi ya 115200 itachukua kama dakika 12. Kwa 921600, dakika moja na nusu hivi.

Faili imekamilika. Ukubwa wake lazima uwe 8,388,608, bila pungufu hata ya baiti moja. Sasa soma tena, uhifadhi kwa jina jingine, kisha zipitishe zote mbili kwenye sha256sum, programu inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili. Hapa zimelingana. Zisipolingana, punguza mwendo, kaza miunganisho, rudia mpaka usomaji miwili mfululizo ukubaliane.

Ipe faili jina lenye modeli ya rauta na tarehe, weka nakala nyingine kwenye flashi, ndipo uguse amri ya kufuta.