Altrasaundi ya Shingo Usiyoihitaji

Naanza na Korea Kusini. Walionisikia huko nyuma wanivumilie, kwa sababu bado naletewa bahasha zilezile za majibu ya vipimo.

Mwaka 1999 serikali ya kule ilianzisha mpango wa kupima saratani kadhaa. Thairoidi, ile tezi ya shingoni, haikuwamo. Lakini hospitali zikawa zinawaambia watu: maadamu umefika, ongeza dola 30 au 50 tukupige na altrasaundi ya shingo. Nani akatae? Haiumi, haina mionzi, ni ute wa baridi shingoni na dakika chache tu.

Kufikia 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa inagunduliwa mara 15 ya ilivyokuwa 1993. Watu zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja! Vifo? Palepale, havifiki 400 kwa mwaka. Sasa nielezeni, maelfu hao waliokolewa na nini?

Karibu wote walipasuliwa. Wengi walitolewa tezi nzima, yaani kidonge kila siku mpaka kufa. Katika kila 100, 11 waliharibikiwa vitezi vinavyolinda kalsiamu: vidole vinakufa ganzi, misuli inakaza. Wawili walipooza nyuzi za sauti. Mfikirieni mwalimu. Mfikirieni muadhini.

Najua mtaniambia, "Daktari, si heri kuijua saratani mapema?" Saratani ipi? Ufini, 1985, walichunguza thairoidi za maiti 101. 36 zilikuwa na saratani ndogondogo ambazo wenyewe hawakuwahi kuzijua. Kupima mlango wa kizazi ni habari nyingine kabisa, hapo tunaokoa watu. Akina mama, nendeni hata kesho.

Juzi mama mmoja, haumwi popote, alinifungulia bahasha ya kaki. Alikuwa amelipia kifurushi cha kupima mwili mzima, shingoni kikaonekana kivimbe cha milimita 4. Ameshauza ng'ombe wawili aende kupasuliwa India. Mikono ilikuwa inamtetemeka juu ya ile bahasha. Nikamwambia, mama, rudi nyumbani, tuonane mwakani. Hakuniamini, na simlaumu. Ukishaambiwa una kitu, usingizi utoke wapi?

Mapafu nilitaka kuyaeleza kwa kirefu, muda umekwisha. Marekani wavutaji wakubwa wa sigara walipigwa sitiskani, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa asilimia 20. Faida ya kweli hiyo. Lakini katika kila 100 walioambiwa kuna kitu, 96 hawakuwa na saratani.

Korea madaktari walisimama hadharani 2014 kupinga altrasaundi hizo za shingo, na mwaka mmoja baadaye upasuaji wa thairoidi ulikuwa umepungua kwa theluthi nzima. Haya, dada wa nyuma kule, umenyoosha mkono tangu mwanzo. Uliza.